Vitabu vya biashara kwa vijana wa Kikatiti: Kipi kisomwe, kipi kiachwe?

 Ijumaa ya leo tunajibu swali tuliloletewa na vijana watatu wa Kikatiti, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, wilayani Arumeru. Mmoja hununua nyanya kwa wakulima na kuzipeleka Arusha kwa matenga, wa pili anaendesha bodaboda, na wa tatu amepanga fremu anauza mbegu na dawa za kilimo. Wanataka tuwatajie vitabu vinavyofaa kusomwa na mtu anayetaka kuwa mfanyabiashara, vya dini na vya dunia. Pamoja na swali wameleta orodha ya vile walivyokwisha kuvisoma.

Orodha hiyo ndiyo iliyotufanya tulipe swali lao ukurasa mzima. Miongoni mwa walivyovisoma kimo kijitabu kilichotolewa nakala kwa mashine, hakina jina la mwandishi, hakina mchapishaji wala mwaka. Kijitabu hicho kinafundisha kwamba maskini hutumia fedha zake na tajiri hutumia fedha za wengine, basi mwenye kutaka utajiri na akope. Kijana wa bodaboda aliamini. Akaiweka kadi ya pikipiki rehani kwa mkopeshaji wa mtaani, akapokea shilingi 1,000,000 kwa sharti la kulipa shilingi 200,000 kila mwezi mpaka siku atakapoweza kuirudisha milioni yenyewe kwa mkupuo. Miezi 5 imepita. Amekwisha kulipa milioni nzima, na bado anadaiwa milioni ileile. Watu wameiita mikopo ya namna hii "kausha damu", na hatujui jina linaloweza kuieleza vizuri zaidi.

Kwa hiyo swali hili si la kupitisha wakati. Kitabu kibaya cha hadithi kinapoteza saa chache za msomaji, lakini kitabu kibaya cha biashara kinaweza kumpotezea pikipiki.

Tuanze na nyumbani kwetu, yaani madrasa. Mtoto wa Kiislamu katika Afrika Mashariki husomeshwa Safinatun Najaa. Ni kitabu kizuri na chepesi, lakini kinahusu tohara, swala na ibada nyingine. Hakigusi mlango wa kuuza na kununua. Wengi wetu huishia hapo. Matokeo yake kijana anaingia sokoni anajua nguzo za udhu zote sita ilhali hajui nguzo za mauziano, wala hajui lini bidhaa inahama dhamana ya muuzaji ikawa ya mnunuzi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) hakutaka mtu auze katika soko lao kabla hajaijua dini, na makusudio hapo si kujua kuswali tu.

Aliyemaliza Safina asiogope kusonga mbele. Matni ya Abu Shujaa, ambayo ni fupi na husomeshwa katika madrasa nyingi za Kishafii, ina mlango wa mauziano na mingine inayoufuata: rehani, ushirika, uwakala, ukodishaji, na ule wa mtaji wa mmoja kwa kazi ya mwingine. Bulughul Maram ya Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, imekusanya hadithi za hukumu, na Kitabul Buyuu kilichomo humo kinaweza kusomwa na mwalimu katika darasa za jioni za Ramadhani moja. Tungependa kuona maimamu wa misikiti ya Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River wakiifanya kazi hiyo, kwani wauza ndizi na wauza vitenge wanaoswali nyuma yao wanaihitaji kuliko mawaidha ya kupambwa.

Tutoe mfano mmoja wa faida yake. Mwalimu wa shule ana shilingi 500,000 za akiba, anampa kijana afanyie biashara, na wanapatana kwamba kila mwezi kijana atamletea shilingi 50,000. Wote wawili wanaamini wamefunga mudharaba ya kisheria. Hawakufunga. Katika mudharaba faida hugawanywa kwa fungu, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili, na hapawi na kiasi kilichokatwa kwa mmoja wao. Ikitokea hasara pasipo uzembe wala hiana, mwenye mali hupoteza mali na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Kumlipa mwenye mali kiasi maalumu kila mwezi, biashara ipate isipate, na mtaji ukiwa umedhaminiwa, ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu. Mwenye kutaka kuyaona mambo haya yalivyopangwa kwa mabenki ya zama zetu na amsome Mufti Muhammad Taqi Usmani wa Pakistan, ambaye kitabu chake cha utangulizi wa fedha za Kiislamu, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kilitoka mwaka 1998. Kinaeleza mudharaba, musharaka na murabaha kwa lugha nyepesi, na kinaonya waziwazi mahali ambapo mabenki hubadilisha jina tu. Benki ya Amana, ya kwanza hapa nchini kuendeshwa yote kwa misingi hiyo, ilianza kazi mwaka 2011, na mabenki ya kawaida nayo yamefungua madirisha ya aina hiyo. Mteja anayetia saini pasipo kujua maneno hayo yana maana gani ametia saini gizani.

Wanazuoni na wachuuzi

Kuna vitabu vya kale viwili ambavyo tunavitaja kwa sababu vinazungumza na sokoni hasa. Cha kwanza ni Ihyaa Ulumid Din ya Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Ndani ya kazi hiyo kubwa kimo kitabu kizima cha adabu za uchumi na maisha. (Wasomaji wetu wakumbuke kwamba neno letu uchumi linatokana na kuchuma, kabla halijawa la wizara lilikuwa la mtu na riziki yake.) Ghazali anasema sarafu ya bandia ikikuangukia mkononi, usimpe mwingine ili nawe usihasirike. Itupe kisimani. Kwake yeye kuipitisha sarafu mbaya moja ni dhambi inayoendelea kutembea kutoka mkono hadi mkono hata baada ya mwenye kuipitisha kufa. Kijana wetu anayeuza mbegu na aisome sehemu hiyo mara mbili. Mkulima aliyeuziwa mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi kwamba ni mbegu bora hapotezi bei ya paketi peke yake. Amepoteza msimu, na watoto wake wamepoteza chakula cha mwaka.

Cha pili hakijulikani sana kwetu, nacho ni Al-Ishara ila Mahasinit Tijara cha Abul Fadhl Jaafar ad-Dimashqi, aliyeishi takriban miaka 900 iliyopita. Huyu aliandika kama mtu aliyekaa dukani. Aliwagawa wafanyabiashara mafungu matatu: anayeweka akiba bidhaa zikiwa tele na kuuza zikiadimika, anayesafiri na mali kutoka nchi hadi nchi, na anayekaa mahali pake akituma mali kwa wakala mwaminifu. Kila mmoja ana hatari zake na elimu yake. Kwa msafiri alishauri awe na orodha ya bei za bidhaa za mji anaorudi, pamoja na ushuru na gharama za njiani, ili akiona kitu ugenini aweze kupiga hesabu papo hapo kama kitamlipa akifika nacho.

Ushauri huu una umri wa karne tisa, na bado wapo vijana wanaopakia vitunguu kwenda Dar es Salaam usiku, na asubuhi ndipo wanapouliza bei, simu ikiwa mfukoni njia nzima.

Kuhusu yule anayeweka akiba, tuondoe utata. Wako wanaodhani kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyaweka mpaka miezi ya njaa ni ihtikari iliyoharamishwa. Wanazuoni wa Kishafii, akiwemo Imam Nawawi, wamebainisha kwamba kinachoharamishwa ni kununua chakula wakati bei imepanda na watu wana shida, kisha kukizuia ili ipande zaidi. Aliyenunua wakati wa wingi na rahisi hayumo katika katazo hilo. Lakini gunia alilonunulia liwe gunia. Lumbesa, ambayo ni kumlazimisha mkulima ashindilie na kuongeza kilemba juu ya gunia kwa bei ileile, imekatazwa na sheria ya vipimo ya nchi, na kabla ya sheria hiyo Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikatoka na unyevu, akamkemea mwenye nafaka kwa kuficha iliyolowa chini na kuweka kavu juu. Mwenye matenga ya nyanya anaelewa tunasema nini, kwani nyanya za juu ya tenga ni ndugu wa mbali wa zile za chini.

Daftari

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni ya 282 katika Suratul Baqarah. Maudhui yake ni deni: liwekewe muda, liandikwe na mwandishi mwadilifu, mdaiwa ndiye asemeshe maandishi, mashahidi wahudhurie, na wala watu wasichoke kuandika, liwe kubwa au dogo. Sasa tutazame hali ilivyo. Mkulima wa King'ori anatoa matenga 20 ya nyanya kwa mali kauli, yaani alipwe mzigo ukishauzwa. Hakuna karatasi. Bei ya Arusha ikianguka, mchuuzi anakumbuka matenga 17. Ikipanda, mkulima anakumbuka 22. Wanaishia kwa mwenyekiti wa kitongoji na pengine hawasalimiani mwaka mzima. Na wote wawili wanaisoma aya hiyo kila wanapohitimisha juzuu ya tatu.

Watu wa Ulaya walijifunza hesabu za biashara kutoka pwani ya Waislamu. Leonardo wa Pisa, ambaye leo anaitwa Fibonacci, alikuwa mtoto wa mtu aliyewasimamia wafanyabiashara wa Pisa katika bandari ya Bugia, iliyo Algeria ya sasa. Huko alifunzwa tarakimu hizi tunazozitumia, na mwaka 1202 akaandika kitabu kikubwa cha Kilatini, Liber Abaci, ambacho sehemu yake kubwa ni mambo ya soko: bei za bidhaa, kubadilisha fedha, kugawana faida ya ushirika. Karibu miaka 300 baadaye, mwaka 1494, mtawa mmoja aitwaye Luca Pacioli alichapisha katika mji wa Venisi kitabu cha hesabu kilichoeleza desturi ya wafanyabiashara wa huko ya kuandika kila muamala pande mbili, kilichotoka na kilichoingia. Mhasibu wa leo anayesoma Njiro, katika Chuo cha Uhasibu Arusha, bado anafuata njia hiyo.

Hatusemi kijana wa Kikatiti amsome Pacioli. Tunasema anunue daftari. Tuchukue mfano wa kubuni. Mchuuzi ananunua matenga 10 ya nyanya kwa shilingi 20,000 kila moja, na anauza Arusha kwa shilingi 28,000. Kichwani anahesabu faida ya shilingi 80,000. Daftari linasema mengine: ununuzi 200,000, usafiri 30,000, ushuru 10,000, wapakiaji 5,000, jumla 245,000. Tenga moja limeoza, ameuza 9, amepata 252,000. Faida ni 7,000. Ametoa humo chakula cha mchana na vocha, 5,000. Amerudi nyumbani na shilingi 2,000, na njiani amemuahidi mdogo wake viatu kutokana na zile 80,000 za kichwani.

Kwa elimu hii hasa, vitabu tunavyovipa nafasi ya kwanza ni vile vya mafunzo vya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu kuanzisha na kuboresha biashara. Vimepangwa kwa hatua nne: kubuni wazo, kuanzisha, kuboresha na kupanua. Havina hadithi za kusisimua wala picha za magari ya kifahari. Vina majedwali ya kujaza: gharama, bei, wateja, fedha za mwezi. Asili yake ni mafunzo ya wenye biashara ndogo wa Sweden, kisha ILO ikayafanyia kazi kwa nchi zetu, na yametumika katika mafunzo ya wajasiriamali hapa Tanzania kwa miaka mingi. Anayetaka kufundishwa na mtu badala ya kusoma peke yake aulize katika ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973.

Vitabu vyetu wenyewe

Hutokea mtu akasema Kiswahili hakina vitabu vya biashara. Tunamtajia kimoja cha zamani mno: maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyoandikwa na yeye mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa mkono wa Mjerumani Heinrich Brode. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu, na kwa kiasi kikubwa ni habari za mtaji na bei. Humo msomaji ataona jinsi kijana asiye na mali alivyopewa bidhaa kwa mkopo na Wahindi wa Unguja, akaingia bara, akarudi na pembe za ndovu, akalipa, akaaminiwa zaidi, mpaka matajiri wakubwa mfano wa Taria Topan wakawa nyuma ya misafara yake. Somo la kuaminika limo waziwazi. Lakini mali ile ilibebwa na watumwa na ilipatikana kwa bunduki. Kitabu hiki kisomwe kwa macho mawili, kwani kinafunza namna amana inavyokuza mtaji, na kinafunza vilevile kwamba faida kubwa inaweza kujengwa juu ya machozi ya watu na mwenye kuipata akaisimulia pasipo kutetereka.

Mwalimu Nyerere naye alitufasiria mwaka 1969 tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Wanafunzi huisoma kama fasihi. Sisi tunawashauri vijana waisome kama kesi ya mkopo: mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini anamdhamini rafiki yake, anatia saini mkataba wenye sharti la kutisha kwa sababu ana hakika merikebu zitarudi kabla ya siku ya kulipa. Hazikurudi kwa wakati. Mwandishi aliwachora Mayahudi kwa chuki ya zama zake, na hilo tusilichukue; sharti lile la mkataba ndilo la kutazamwa na kila anayetaka kuweka rehani.

Miongoni mwa watu wa karibu zaidi, yupo marehemu Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, si mbali na Kikatiti. Kitabu chake cha Kiingereza, I Can, I Must, I Will, kilizinduliwa mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Watu hupenda kusimulia kwamba alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani wakati wa uhaba wa bidhaa wa miaka ya 1980. Ni kweli. Wasichosimulia ni kwamba kabla ya kalamu alikuwa mhasibu mwenye sifa za kimataifa, na alikuwa amekagua vitabu vya makampuni ya wengine kwa miaka mingi. Kalamu zilikuja juu ya elimu hiyo. Anayeruka sehemu ya uhasibu na kubaki na sehemu ya kalamu amesoma nusu ya kitabu.

Kutoka Kenya tunavijua viwili. Madatally Manji, aliyejenga kiwanda cha biskuti cha House of Manji, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1995, nasi tunakipenda kwa sababu kinaeleza kazi yenyewe ya kuoka, kuuza na kushindana. Njenga Karume alitoa chake mwaka 2009, akieleza alivyoanza na biashara ya mkaa akiwa na elimu ndogo ya shule. Bidii yake ni ya kuigwa, ila sehemu kubwa ya utajiri wake ilitokana na kusambaza bia, na Muislamu hana njia ya kumfuata huko.

Vile vinavyouzwa barabarani

Sasa tufike kwenye vile vinavyopangwa juu ya maturubai stendi na kusambazwa kwa simu. Kitabu cha George Clason kuhusu tajiri wa Babeli ni cha mwaka 1926. Kilianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na makampuni ya bima ya Marekani, kwa hiyo si ajabu kwamba kinahimiza kuweka akiba. Hata hivyo somo lake la kutenga fungu la kumi la kila unachopata kabla ya kutumia ni zuri, na kijana wa bodaboda anaweza kulianza leo jioni. Anapofundisha kukopesha dhahabu ili izae, hapo tuachane naye.

Robert Kiyosaki alitoa Rich Dad Poor Dad mwaka 1997. Lililo jema kwake ni moja: kutofautisha kitu kinachokuingizia fedha na kitu kinachokutoa fedha. Simu ya bei kubwa si mali kwa mwenye kuilipia kila mwezi. Lakini sifa anazolipa deni zimetoka katika nchi ambayo mtu anakopeshwa nyumba kwa miaka 30, tena kwa riba ndogo ya mwaka, na hazihamishiki kwa mtu anayelipa asilimia 20 kwa mwezi. Isitoshe mwaka 2012 kampuni yake mojawapo iliomba kutangazwa muflisi. Napoleon Hill, mwandishi wa Think and Grow Rich cha mwaka 1937, alidai kwamba tajiri Andrew Carnegie ndiye aliyempa kazi ya kuchunguza siri za matajiri; watafiti hawakupata ushahidi wa jambo hilo nje ya maneno yake mwenyewe. Mtu akitamani sana hapati mali kwa kutamani. Abdur-Rahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina hana kitu, alikataa kugawiwa nusu ya mali ya ndugu yake Ansari, akaomba aonyeshwe soko lilipo, akaanza na jibini na samli.

Kitabu cha Muhammad Yunus wa Bangladesh kuhusu benki ya maskini tunakiweka daraja la juu zaidi ya hivyo, pamoja na kasoro yake. Mwaka 1976 alikwenda kijiji cha Jobra, akaorodhesha watu 42 waliokuwa wamefungwa na wakopeshaji, akajumlisha madeni yao yote, akakuta hayafiki dola 30 za Marekani. Kutokana na orodha hiyo ikazaliwa Benki ya Grameen mwaka 1983, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Grameen inatoza riba, na hilo hatuliidhinishi. Lakini njia ya kikundi, watu wanaojuana wakidhaminiana, ndiyo iliyomo katika vikoba vyetu, na kikundi kinaweza kuendeshwa pasipo riba wanachama wakiamua hivyo katika katiba yao.

Hernando de Soto wa Peru, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alisema maskini wana mali ila mali yao imekufa kwa sababu haina hati. Serikali yetu ilimsikiliza, ikaanzisha MKURABITA mwaka 2004. Tunakubali hati ni ulinzi. Wameru wanalijua hilo kuliko wengi, kwani baada ya kuondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951 walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi yao. Kitabu cha kesi hiyo, alichokiandika pamoja na Earle Seaton, kilitoka mwaka 1967, na kila kijana wa Arumeru angefaa kukijua. Ndiyo maana tunahofia sehemu ya pili ya hoja ya de Soto, ya kuipeleka hati benki. Kihamba cha ukoo kisiwekwe rehani kwa biashara ambayo mwenyewe hajaiandikia daftari hata miezi 6.

Kwa kijana mwenye kadi iliyoshikwa, jambo la haraka si kitabu. Akusanye stakabadhi na ujumbe wote wa simu wa malipo aliyoyafanya, aende na mzee mmoja kwa mkopeshaji wakubaliane kwa maandishi namna ya kumaliza deni la asili kwa mafungu. Akikataa, apeleke maandishi hayo kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye pia atamweleza kuhusu mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba, na hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, si kwa mtu anayekuja peke yake siku ya mwisho.

Kuhusu bei ya vitabu, na hili ndilo swali lao la mwisho, wasinunue vyote. Maktaba ya mkoa mjini Arusha, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ipo kwa ajili yao, na nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko bei ya kitabu kimoja. Wao ni watatu: kila mmoja anunue kimoja kwa msimu na wapokezane. Waanze na vitabu vya ILO wakijaza majedwali kwa hesabu zao halisi, na jioni mbili kwa wiki wamuombe imamu awasomeshe mlango wa mauziano. Mengi aje baada ya hapo, kisha Manji, kisha Yunus. Tippu Tip wamsome pamoja na mtu mzima anayejua historia. Na kijitabu kisicho na jina la mwandishi kitumike kufungia nyanya.